Bisibisi ndogo ya chaji, drili ya kaka yangu na ukuta wa msalani kwa mama

Wakuu, habari za huko mliko. Walio kwenye foleni, walio kazini wanajifanya wanajibu email, nyote nawasalimu.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu: hizi bisibisi ndogo za chaji, zile unazoweza kuzitia mfukoni, zinaweza kuchukua nafasi ya drili?

Majibu yakawa ya kishabiki kama siku ya mechi ya watani wa jadi. Huyu anasema drili ni mzigo, imepitwa na wakati. Yule anasema bisibisi ya chaji ni toy ya watoto.

Mimi nimekaa pande zote mbili za huo ubishi, na mama yangu nusura ahamishwe nyumbani kwake kwa sababu ya ubishi huohuo. Ndiyo maana nimeona nifungue uzi wangu.

Siuzi mashine, sina duka, hakuna aliyenilipa. Nitaeleza nilivyofanya, pamoja na pale nilipojichekesha.

Kidogo kuhusu mimi. Naishi Muscat. Wazee wangu walitoka Unguja, mimi nimezaliwa huku. Kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani na ya kugombezwa, Kiarabu ni cha kazini na barabarani.

Kazi yangu ni ya ofisini, kukaa mbele ya kompyuta, lakini mikono yangu haitulii. Kitu kikilegea nyumbani lazima nikikaze mwenyewe. Mke wangu, Maryam, anasema siku nikikosa kibovu cha kufungua nitafungua friji nzima.

Hiyo bisibisi niliinunua kwa kujaribu tu. Ndogo, inachajiwa kwa waya wa simu, mbele ina kitaa cha kumulikia. Nikaipenda kuliko inavyostahili.

Nimeunganisha nayo kabati zima la nguo. Kitanda cha mtoto. Bawaba za milango ya jikoni, vifuniko vya soketi, miguu ya meza. Hata kiti cha bosi wangu kilipolegea nilikikaza nayo, na bosi akaniheshimu zaidi kwa hilo kuliko ripoti zote nilizowahi kumwandikia.

Na tuseme kweli, kwa kazi kama hizo drili kubwa inaharibu. Ina nguvu nyingi mno. Ukizubaa kidogo imeshakula kichwa cha skrubu au imepasua ubao. Kwa hiyo nikawa mhubiri. Kila anayetaka kununua drili namwambia, acha kupoteza hela, chukua hii.

Sasa ikaja habari ya ukuta.

Mama anakaa Khuwair ya Kusini, kwenye nyumba tuliyokulia. Ni nyumba ya chini, haina ngazi. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mama anaishi na dada wa kazi, na majirani zake ni wanawake wa umri wake, wengi wao wazazi wao walitoka Unguja kama sisi. Baada ya Alasiri wanakusanyika kwake kwa kahawa, na habari za Muscat nzima zinapikwa hapo kabla hazijafika mjini.

Mwaka huu akafanyiwa upasuaji wa goti.

Kaka yangu mkubwa, Khalfan, ana nyumba kubwa mtaa wa Qurum. Ni mtu mwema sana, lakini akishaamua jambo anaona sisi wengine tumechelewa tu kukubali. Akasema mama akitoka hospitali anahamia kwake. Khalas, yamekwisha.

Mama hakutaka. Kule Qurum, alisema, hata kununua kitunguu mpaka upate gari.

Lakini kitunguu haikuwa sababu yenyewe. Sababu yenyewe aliitoa kitandani hospitali, tulipokuwa watatu tu, yeye, Khalfan na mimi.

"Mie kuhama si tatizo. Nyumba ni nyumba. Lakini huko ntakuwa nnashikwa na mkaza mwanangu, mke wa huyu Khalfan, kila nikenda msalani. Sijaoshwa na mtu tangu nipate akili zangu."

 

Basi tukakubaliana hivi mbele yake. Msalani kwake pawekwe vyuma vya kushikia. Akiweza kuingia, kuoga na kutia udhu peke yake bila kushikwa na mtu, anabaki kwake. Asipoweza, anakwenda Qurum na hakuna maneno tena.

Khalfan akataka kuita fundi. Nikamuwahi. Hiyo kazi yangu, nikasema, nina mashine.

Mashine yenyewe mnaijua.

Vyuma nikavipata mtaa wa Ghala, kwenye duka la vifaa vya mabomba. Vizito, visivyoshika kutu, kila kimoja kimekuja na skrubu nene pamoja na zile plastiki zinazoingizwa ndani ya tundu ili skrubu iume.

Nikafika kwa mama asubuhi, yeye bado yuko hospitali. Nikapima, nikaweka alama, nikachomeka ncha ya kutobolea zege kwenye bisibisi yangu, nikawasha.

Ncha ikateleza juu ya marumaru ya ukutani, ikachora mstari mrefu.

Nikabandika utepe wa karatasi ili isiteleze. Ikatulia. Ikazunguka, ikalia, ikazunguka. Nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Ikasimama. Nikaipumzisha, nikairudia. Ikapata moto mpaka nikaiweka chini.

Nilipotazama ukutani, kazi yote ile ilikuwa imeacha kidoa cha unga. Kidoa, wakuu. Ukikifuta kwa kidole hakipo.

Mafundi humu mtanisahihisha, ila nilivyokuja kuelewa ni hivi. Bisibisi ya chaji inazunguka polepole kwa nguvu ya kukaza. Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Zege haliogopi kuzungushwa. Linataka ligongwe huku linazungushwa, na bisibisi haigongi. Ukiipa ncha nzuri namna gani, unampa kibogoyo karanga.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikaenda kununua gundi.

Msinicheke. Gundi yenyewe imeandikwa inashika kuliko misumari. Nikapaka, nikabandika chuma, nikaacha ikauke mpaka kesho yake. Kesho yake nikakivuta kidogo, kimekaa. Nikakivuta kwa nguvu, kimekaa. Nikajitundika.

Nikajikuta nimekaa sakafuni, chuma mkononi, na marumaru mbili zimekuja nacho.

Dada wa kazi akaja mbio kuuliza kama nimeumia. Nikamwambia sijaumia. Nilikuwa nimeumia.

Lakini nikiwa pale chini, kitu kingine kilinishika kuliko maumivu. Niliogopa. Ningekivuta kidogo tu nikaridhika, ambaye angekuja kukaa pale sakafuni na goti bichi la upasuaji angekuwa mama. Na hilo nalisema bila kuona aibu.

Nikakubali yaishe. Drili.

Na drili ya karibu niliyoijua ilikuwa ya nani? Ya Khalfan. Kubwa, ya umeme, ya kugonga, iko ndani ya boksi lake tangu aliponunua. Yeye ananunua vitu ili awe navyo.

Nikaendesha mpaka Qurum kumuomba silaha mpinzani wangu.

"Chukua," akaniambia mlangoni, bila hata kuuliza. "Lakini nshamwambia mke wangu atandike chumba."

"Usiharakishe, kaka."

"Na wewe usiibomoe nyumba ya mama."

Kuhusu marumaru mbili sikumwambia.

Sasa sikilizeni tofauti. Nilianza bila kugonga, polepole, mpaka ncha ikapita marumaru, maana ukigonga mapema marumaru inapasuka. Nikishaipita nikawasha kugonga. Ukuta ukakubali palepale. Vumbi likajaa, masikio yakalia, na tundu lililonishinda likapatikana kabla chai yangu haijapoa.

Skrubu nilianza kuzikaza kwa bisibisi yangu. Zikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, bisibisi ikachoka. Nikamalizia kwa mkono.

Chuma kimoja nikakiweka pembeni ya choo, kingine kwenye sehemu ya kuogea, sawasawa na picha iliyokuwa kwenye boksi. Marumaru nikazirudisha. Nikajitundika tena. Safari hii nikabaki juu.

Mama akaja nyumbani, anatembea na fimbo. Akachungulia msalani.

"Mashaallah. Pamekuwa kama hoteli. Mungu akubariki, mwanangu."

Nikapiga picha nikamtumia Khalfan. Akajibu kwa dole gumba tu. Nikalala usingizi wa mshindi.

Hapa ndipo ningependa uzi uishe. Haukuisha.

Siku zikapita. Kila nikienda kwa mama nakuta chuma cha kuogea kimetundikwa taulo. Nikafikiri, sawa, taulo nalo linahitaji pa kukaa. Yaani nilikuwa nimetengeneza kitundikio cha taulo kinachoweza kubeba ng'ombe, na bado sikushtuka.

Maryam ndiye aliyeshtuka. Alimpelekea mama supu mchana, akarudi hana raha.

"Unajua mama anatilia wapi udhu?"

"Msalani."

"Jikoni. Anakaa kitini, dada anamwekea beseni, anamwagia maji miguuni. Kila Sala. Na kuoga ndo usiulize, anaogeshwa."

Nilikaa chini. Mama yangu, aliyesema hajaoshwa na mtu tangu apate akili zake, alikuwa anaoshwa kila siku, na anaponiona ananiambia Mungu anibariki.

Khalfan naye akayasikia, maana kwetu habari haihitaji mtandao. Akanipigia. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Umejaribu, Mungu atakulipa. Lakini tulikubaliana, ndugu yangu. Kesho Adhuhuri ikishapita nnakuja kumchukua."

Nikamwambia sawa. Ndivyo tulivyokubaliana.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa mama kabla Khalfan hajafika. Njiani nikajiuliza swali moja, nikaona ajabu kwamba sijawahi kujiuliza: wakati napima ule ukuta, nilipimia mwili wa nani?

Wangu. Urefu wa mkono wangu, urefu wa bega langu, na picha ya boksi. Mama mwenyewe sikumuuliza hata neno moja.

Na sababu wengi wenu mnaijua, hasa mliolelewa pwani. Ukiwa mtoto wa kiume humuulizi mama yako anajisafishaje. Huulizi anakaa vipi, anainuka vipi, anashika nini. Hayo mambo yana wanawake wake. Mtoto wa kiume anatoa pesa, anatoboa ukuta, anaondoka. Nilimnyanyua mama kutoka garini, nikamvisha viatu, lakini swali hilo lisingenitoka mdomoni.

Nikamkuta jikoni, ndiyo kwanza anamaliza udhu wa Adhuhuri. Beseni liko chini. Nikamuomba dada atupishe.

"Mama, mbona msalani huendi kutia udhu?"

"Nnakwenda."

"Mama."

Akatazama beseni. Akatazama miguu yake iliyolowa.

"Mwanangu, umefanya kazi kubwa. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Hebu nambie tu."

Akanieleza, huku anatazama pembeni, nami natazama pembeni upande mwingine. Kule msalani kuna mfereji wa chini, wengine mnaita bomba, wa kutilia udhu. Anaweka kiti cha plastiki mbele yake, anakaa. Kukaa si shida. Shida ni kuinuka. Miguu imelowa, sakafu imelowa, goti halijapona, na vyuma vyangu viwili viko kule mbali, pale picha ya boksi ilipoonyesha. Na kuoga ni hivyohivyo, anaoga amekaa palepale kwa ndoo na kata ya kuchotea maji, kama alivyooga miaka yote. Ile sehemu ya kuogea niliyoiwekea chuma hajawahi kuitumia.

"Nkitaka kuinuka nnashika nini, mfereji? Hapa jikoni nnashika hili jiwe." Akaweka mkono wa kulia juu ya jiwe la meza ya jikoni, akajivuta taratibu, akasimama. Peke yake. Mbele yangu.

Wakuu, jibu lote lilikuwa hapo. Ule mkono wa kulia juu ya jiwe.

"Mbona hukunambia, mama?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

"Nliona haya."

"Na mie nliona haya."

Tukacheka wote wawili, halafu nikaona amejifuta macho kwa ncha ya kanga.

Drili ilikuwa bado ndani ya gari, sijairudisha. Mama akaenda kusali, mimi nikakausha sakafu ya msalani. Nikaweka kile kiti cha plastiki mahali anapokiweka yeye. Mama akaja akakaa na dira lake, lile gauni pana la nyumbani, nikamwambia afanye kama anainuka jikoni. Akanyoosha mkono wa kulia ukutani. Nikaweka alama ya penseli pale pale kiganja kilipogusa.

Katikati ya shughuli hiyo gari likapiga breki nje. Khalfan.

Akaingia, akamkuta mama yake amekaa msalani mkono ukutani, mdogo wake amepiga magoti na penseli sikioni.

"Nini hii?"

"Njoo ushike mfuko wa vumbi," mama akamwambia.

Khalfan na kanzu yake nyeupe ya kuja kumchukua mama akashika mfuko wa plastiki chini ya alama. Kisha, kama kawaida yake, akatoa shauri.

"Hapa chini mno. Kile kingine kiko juu. Pandisha kidogo."

"Nani anainuka," mama akauliza, "wewe au mie?"

Khalfan akaushika mfuko vizuri zaidi. Sijawahi kumwona akitii hivyo tena.

Mama tukamtoa akakae ukumbini. Nikatoboa. Nilikifungua kile chuma cha taulo, nikakihamishia pale, plastiki mpya, skrubu mpaka mwisho. Nikajitundika. Khalfan naye akajitundika, na yeye ni mzito kuliko mimi. Kikakaa.

Mama akarudi. Akakaa, akashika, akainuka. Akarudia. Akatuomba tumwage maji chini. Akakaa na miguu imelowa, akashika, akainuka.



Alasiri ikaadhiniwa.

"Haya, tokeni," mama akasema. "Nna udhu wa kutia."

"Mama, mwite dada akae karibu," Khalfan akasema.

"Tokeni."

Akatufungia mlango.

Tukasimama ukumbini, wanaume wazima wawili, tunasikiliza maji. Yalifunguka, yakamwagika, yakafungwa. Halafu kimya. Kimya kikawa kirefu, Khalfan akapeleka mkono kwenye kitasa. Nikamshika mkono. Nilitaka kukifungua mimi pia.

Kiti kikakwaruza sakafu.

Mlango ukafunguka. Mama katokeza, mikono ya dira imekunjwa, uso umelowa, fimbo mkononi. Akatutazama.

"Mbona mmenisimamia mlangoni? Nyie mshatia udhu?"

"Bado, mama," Khalfan akajibu.

Akatupita taratibu akaenda chumbani kwake kusali. Khalfan aliondoka jioni peke yake kwenye gari lake, baada ya kahawa ya majirani. Habari ya Qurum hakuigusa tena, wala mimi sikumkumbusha.

Sasa nirudi kwenye swali la mwenzetu.

Bisibisi ndogo ya chaji haichukui nafasi ya drili kama kuta zako ni za zege au matofali ya saruji. Usipoteze muda wako, na gundi usiiguse kwa kitu kitakachobeba mtu. Kwa mbao, kabati, bawaba, soketi, bisibisi inatosha na mara nyingi ni bora kuliko drili. Drili usiyoitumia kila wiki azima, karibu kila ukoo una Khalfan wake. Mimi bisibisi yangu bado ninayo na bado naipenda, ila nimeacha kuhubiri.

Lakini nilikuwa na mashine sahihi mkononi na bado nikatoboa mahali pasipofaa. Drili haikunisaidia hapo. Kilichonisaidia ni kuuliza swali nililoona haya kuliuliza.

Wataalamu wa kuta na marumaru karibuni mnisahihishe, matusi ya gundi nayapokea pia. Na wewe ambaye mzazi wako anaishi peke yake, leo ukienda kumsalimu mwambie akae kitini kisha ainuke, wewe utazame mkono wake unakwenda kushika wapi. Halafu rudi hapa utuambie umeona nini.